Picha Waliyoiita Furaha

Juzi jioni binti yangu aliwasha ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyoviringishwa, akaiweka kando ya kitanda, na mimi nikatoka nje nikakaa kwa ngazi mpaka ikaisha. Akaniuliza kama nina pumu. Sina pumu. Ni ile harufu ya pareto, maua ambayo hiyo dawa inatengenezwa nayo. Mtu akishakulia kwa pareto kama mimi, hiyo harufu kavu, kama nyasi ya zamani na vumbi la barabara, inamwingia kwa pua na kumpeleka mahali hakutaka kwenda. Yeye sikumwambia, bado ni mdogo, na nikianza hiyo hadithi uso wangu unaharibika. Nyinyi nitawaambia.

Tulikuwa tunakaa kwa shamba la mzungu huko juu ya Subukia, upande wa kwenda Kabazi. Baba alikuwa anaendesha trekta. Mama alikuwa anafanya kazi jikoni kwa memsahib, mke wa huyo mzungu, na mimi nilikuwa nashinda hapo mlangoni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniangalia. Mwaka huo memsahib alikuwa na mgeni, ndugu yake, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu ambaye hakuwa na kazi yoyote isipokuwa kutembea na kamera. Watoto wote tulimwita Bwana Kachak, kwa sababu ya vile kamera yake ilikuwa inalia. Alikuwa anatupatia peremende. Tulimpenda, siwezi kudanganya.

Huo ulikuwa wakati wa Emergency, serikali ya wazungu ikisaka Mau Mau na kufunga watu. Asubuhi moja lori la askari lilikuja kina mama wakiwa wanachuma pareto. Wanaume wetu waliitwa wasimame mstari, majina yakasomwa, na la baba likawa hapo ndani. Wakaambiwa wapande, wachuchumae, waweke mikono kichwani na mtu asiinue macho. Mama alitoka jikoni mbio na aproni yake nyeupe akafuata hilo lori mpaka kwa geti, mikono yote juu, mdomo wazi, akilia kwa sauti ambayo sikuwa najua mama yangu anayo. Kiatu kimoja kilibaki nyuma. Bwana Kachak alikuwa amesimama kando ya ua, na nikasikia ile sauti ya kamera yake. Hata hapo sikuona ubaya. Nilidhani anatusaidia, sijui namna gani.

Mvua ikaja ikaisha, baba hakurudi. Ndipo memsahib akamwambia mama aoke keki nyingi kuliko za Krismasi, kwa sababu wazungu wa mashamba ya karibu watakuja kushindanisha picha. Si mashindano ya ukali, akasema, ni ya kirafiki tu. Stoo ya pareto ikafagiliwa, magunia yakatundikwa ukutani, na juu ya magunia zikabandikwa picha, zote nyeusi na nyeupe, zikiwa na namba lakini bila jina la mwenyewe.

Nilizunguka nikaziangalia zote kabla wageni waingie. Mbwa na bata. Mbwa peke yake. Mbwa yule yule akiwa amelala. Ndege wa ziwani wakiwa wengi kama unga umemwagika. Mzee mmoja akivuta kiko, moshi umemfunika mpaka hajulikani ni nani. Na pale mwisho, kubwa kuliko zingine, mama yangu.

Nilimwita. Akaja na sinia ya vikombe mkononi, akasimama mbele ya hiyo picha. Hakujiangalia sana. Alikuwa anaangalia pembeni, upande wa kushoto, ambapo ungeona nyuma ya lori na waya iliyofungwa kuzuia watu, na ndani ya waya vichwa vimeinama. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetokea nje. Kilikuwa na kiraka cha gunia. Mama ndiye alikuwa ameshona hicho kiraka.

"Ni yeye," akaniambia. Kisha akaenda kupanga vikombe.

Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee mpole kutoka Nakuru mjini, aliyesemekana anajua picha kuliko wote. Wa pili alikuwa memsahib wa shamba la jirani. Na ili hiyo siku ionekane ya kirafiki kabisa, wa tatu wakamweka nyapara wetu, Ezekieli, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Walimfunga tai ambayo iliishia kifuani. Yeye alichagua mbwa. Alikuwa mbwa wa bwana mkubwa, na Ezekieli alijua nani anamlipa mshahara. Wazungu wakacheka sana, na yeye akacheka pamoja nao.

Walipofika kwa picha ya mama, hawakucheka. Walinyamaza vile watu wananyamaza mbele ya kitu kizuri. Memsahib jirani akageukia Ezekieli akamwuliza kwa kile Kiswahili chao, "Hii mama nafurahi sana, eh? Nacheza ngoma?"

Nilimwangalia Ezekieli. Siku ya lori yeye ndiye alikuwa ameshika karatasi ya majina akimsaidia askari kuyatamka. Alikuwa hapo. Alimsikia mama kwa masikio yake.

"Ndiyo, memsahib," akasema. "Nacheza."

Wakataka jina la Kiswahili la kuandika chini ya hiyo picha. Akawapatia. Furaha. Wakajaribu kulitamka wote, mmoja mmoja, wakiwa na keki mdomoni, keki ya mama yangu, na mama yangu amesimama hapo na birika. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia uso. Mpaka leo naona hivyo vinywa vikisema furaha na makombo yakianguka.

Hapo ndipo yule mzee mpole alitoa vipande viwili vya kadibodi, vimekatwa kama kona ya fremu. Ndivyo alikuwa anafanya na kila picha: anaweka kadibodi hapa, anaweka pale, anaona kama picha itakuwa nzuri zaidi ikipunguzwa. Kwa ile ya mbwa alikuwa amefunika mkebe wa takataka. Sasa akaweka kadibodi upande wa kushoto wa picha ya mama, na lori likapotea. Waya ikapotea. Baba akapotea. Akabaki mwanamke mmoja peke yake kwa vumbi jeupe, amenyanyua mikono. Wote wakatoa sauti ya kuridhika. Bwana Kachak akakubali kwa kichwa, akaenda kutafuta wembe na rula, maana hiyo ndiyo ilikuwa imeshinda, na ilikuwa itundikwe kwa klabu yao ikiwa imekatwa sawasawa.

Mama akaweka birika chini.

"Memsahib," akasema, "hapana kata. Hapo iko bwana yangu."

Alisema polepole, kwa Kiswahili chao, ili wasipate shida. Lakini yule mzee wa Nakuru hakuwa amemsikia vizuri, akamgeukia Ezekieli amwelezee. Ezekieli akasema maneno machache ya Kizungu. Watu wakapiga makofi. Memsahib jirani akamshika mama bega akamwambia asante sana, wewe mzuri sana. Na Bwana Kachak akakata.

Kile kipande kilianguka chini, chembamba kama kidole. Mama alisubiri mpaka wakatoka nje kunywa chai kwa jua, kisha akachukua ufagio, kwa sababu kufagia ilikuwa kazi yake na hakuna mtu angemwuliza. Alikiokota akakiweka ndani ya kitambaa cha kichwa.

Jioni Ezekieli alipita jikoni na tai yake kwa mfuko. Mama akamwuliza aliwaambia nini.

"Nilisema umeshukuru," akajibu. "Ulitaka niseme nini, Mama Njeri? Kwamba bwana yako ni mtu wa msituni? Wakuchukue na wewe, huyu mtoto nimlee mimi?"

Mama akamwekea chai, na akaweka sukari. Nilimkasirikia mama kwa hiyo sukari. Watu wengine wameniambia kwamba Ezekieli alituokoa siku hiyo, na pengine ni kweli. Lakini nilimwona kanisani Jumapili iliyofuata akiomba kwa sauti kubwa, na tangu hapo mtu akiomba kwa sauti kubwa mimi hufungua macho nimwangalie.

Kwa miaka mingi nilikuwa nafikiri wale wazungu walikosea tu. Picha haina sauti, na mtu anayelia na anayeimba wote wanafungua mdomo. Nilitaka iwe hivyo. Halafu nikaanza masomo ya jioni, tayari nikiwa na watoto, na mwalimu akaleta picha kutoka kwa gazeti akatuambia tutaje kila kitu kilichoko ndani yake, kikubwa na kidogo. Nikaelewa, hapo kwa dawati, kwamba yule mzee mpole aliliona lori. Aliliona vizuri. Alijua kadibodi iishie wapi.

Baba alirudi nikiwa msichana mkubwa. Alikuwa amekonda, na hakuwa mkali, lakini alikuwa kama mgeni kwa nyumba yake. Anakula, anashukuru, anaangalia mlango. Tulidhani ni mambo ya kizuizini. Siku moja mchana mama akatoa kile kipande akampatia. Baba alikiinamia muda mrefu karibu na dirisha. Akajua lori. Akajua kiwiko chake.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akamwuliza.

Alisema bila hasira. Alikuwa ameinamishwa kichwa, injini ikinguruma, hakuona mtu wala kusikia mtu. Alikuwa amekubali siku nyingi kwamba mke wake aliogopa kutoka nje, na hakuwa amemlaumu. Na sasa picha yenyewe ilikuwa inamwonyesha hivyo hivyo: lori, vumbi, na hakuna mtu.

Mama alisimama katikati ya nyumba. Akavua kiatu kimoja. Akainua mikono yote miwili, akafungua mdomo, na hakutoa sauti.

"Nilifika kwa geti," akasema, mikono bado ikiwa juu.

Baba akapitisha kidole polepole kwa ule upande wa kipande uliokatwa na wembe. Hapo mimi nikatoka nje.

Utotoni nilidhani walichonyang'anya ni picha. Sasa mimi pia ni mke wa mtu, na najua walimnyang'anya baba yangu, kwanza kwa lori na tena kwa wembe, kitu cha kushikilia miaka ile yote: kwamba mke wake alimfuata mpaka kwa geti. Nimewasamehe, kwa sababu nimeamriwa kusamehe, na kila jioni nikipiga magoti nasema tena kwamba nimewasamehe. Lakini mahali fulani, kwa ukuta wa klabu ama kwa sanduku la wajukuu wa Bwana Kachak, mama yangu bado anakimbia, na mbele yake hakuna kitu.