Siku Tuliyofua Hema

Wiki iliyopita nilienda soko la Toi kumtafutia binti yangu sweta ya shule, nikakuta hema. Lilikuwa limetupwa juu ya rundo la mitumba, katikati ya mapazia na mashuka, la kijani, zipu yake rangi ya chungwa, vijiti vyake vimefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu. Nikainama nikalinusa. Ndiyo, nililinusa, watu wakinitazama. Muuzaji, kijana wa juzi tu, akadhani amepata mteja.

"Siste, hiyo ni safi kabisa. Mnaenda Naivasha na mzee? Mnalala hapo ndani mkisikia viboko!"

"Mimi nimelala ndani ya hii kitu wewe ukiwa bado unavalishwa viatu," nikamwambia. "Na hakukuwa na kiboko."

Mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Wacha huyo, bro. Huyo ameamka na zake."

Sikununua. Nilichukua sweta nikaenda zangu, lakini nilifika nyumbani Kawangware nikiwa nimefura hivi kwamba mtoto akaniuliza kama ni yeye amekosa. Si yeye. Kaa hapo nikuambie wewe, kwa sababu nikiendelea kuliweka ndani litaniozea.

Nilikulia Kibera, juu kidogo ya reli, kwa nyanya yangu mzaa mama. Nilimwita Kukhu, vile Waluhya huita nyanya zao. Alitoka Magharibi mwa nchi akiwa msichana wa kulea watoto wa watu, na kabla sijazaliwa alikuwa ameshajijengea vyumba viwili, kuta za udongo, paa la mabati, na sakafu ya simiti aliyoitia rangi nyekundu. Sakafu ndiyo ilikuwa fahari yake. Kila Jumamosi tuliipaka nta tukaisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka ukicheka unaona meno yako chini. Nikifumba macho sasa hivi naisikia ile harufu ya nta, imechanganyika na omena, dagaa wa jirani, wanaokaangwa kwa nyanya na vitunguu, na gari la moshi likipita chini huko mpaka vikombe vinagongana kabatini. Kukhu alikuwa na msemo wake: "Maskini ni mfuko, si sakafu."

Halafu ikaja barabara. Watu wake walipita na rangi wakiweka alama kwenye kuta, na alama ya mwisho ikaangukia ukuta wa jirani. Sisi tulikuwa nje ya alama. Nataka ulishike hilo vizuri, kwa sababu kuna watu mpaka leo wananiambia mlijenga kwenye barabara, mlitarajia nini. Hatukuwa kwenye barabara. Ila asubuhi tingatinga lilipokuja, halikuwa na mahali pa kugeukia. Dereva akatazama huku, akatazama kule, akageukia kwetu. Basi. Mwanamke amejenga maisha yake yote ili tingatinga lipate kona. Nikimsikia mtu akisifu ile barabara, eti siku hizi unafika haraka, namwacha amalize, halafu namwuliza kama anajua tingatinga lilipata wapi kona.

Kila kitu kilienda isipokuwa sakafu. Tulifagia udongo na vipande vya kabati, na sakafu ikabaki imelala pale nyekundu, haina ukuta, kama meza iliyoandaliwa wageni wasiofika.

Sasa hapo kulikuwa na sheria. Haikuandikwa popote, lakini hata mtoto aliijua. Baada ya kubomolewa, mahali ni pa yule ambaye kitu chake kimesimama. Chochote: bati mbili zimeegemezana, shuka kwenye kamba, kitanda na mtu juu yake. "Ploti haikai bila mtu," watu wazima walisema. "Ukiiacha wazi, inaota mwenyewe." Kwa hivyo watu walilala nje na mvua, wakizikalia sehemu zao kama kuku anayeatamia, wakingoja wapate mabati wajenge tena. Na sisi tulikuwa tunangoja hivyo hivyo. Yote tuliyokuwa nayo yalikuwa yanategemea kitu kimoja kisimame pale.

Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa watu, huko ng'ambo ya Ngong Road. Tajiri wake aliposikia habari akafungua stoo akampa hema. La familia, la kwenda nalo likizo, limekaa humo mpaka kijiti kimoja kimevunjika. Mama akalibeba kichwani mpaka Kibera.

Aliyetusaidia kulisimamisha ni jirani yetu fundi, seremala, mwanamume mpole mwenye watoto wengi kuliko vyumba. Tingatinga lilikuwa limemlia nusu ya chumba chake pia. Hakuna aliyejua hema linaanzia wapi. Mara ya kwanza tulilisimamisha ndani nje, likakaa kama mbuzi aliyechinjwa, na watu wakasimama kutazama.

"Fundi, hiyo ni nyumba ama ni mwavuli?" mmoja akauliza.

"Ni parachuti," mwingine akajibu. "Kukhu anatuhama kwa hewa!"

Kukhu alicheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya tingatinga, ndiyo maana nakumbuka. Fundi aliunga kile kijiti kwa kipande cha bomba la waya za stima. Vigingi ndivyo vilivyotushinda, kwa sababu simiti haiingii kigingi, na fundi alipochukua patasi Kukhu akamshika mkono. Sakafu yake isiguswe. Kwa hivyo tulijaza mitungi mchanga, tukafunga kila kamba kwenye mtungi wake, na hema letu likasimama juu ya sakafu nyekundu bila tundu hata moja.

Nikikuambia nilikipenda kile kipindi utaniona mwendawazimu, lakini mtoto ni mtoto. Asubuhi jua likipiga, ndani kote kulikuwa kijani, hata uso wa mama, hata uji kikombeni. Adhana ilipita juu yetu kama iko ndani ya mto wa kulalia. Mvua ilikuwa kama mtu anamimina maharagwe kwenye sinia, na hapo Kukhu alitukataza kugusa ukuta, maana ukiweka kidole tu, maji yanafuata kidole. Tulilala tumekunja mikono kifuani kama maiti, tukinong'ona.

Na kazi! Hema linataka mikono kuliko nyumba. Kukipambazuka linafunguliwa lipumue, kwa sababu usiku linatoka jasho, na jasho hilo mimi nililipangusa kwa petikoti kuukuu. Viatu nje. Jiko nje, chini ya bati. Zipu tuliipaka mshumaa ili isikwame. Kamba zikilegea unasogeza mtungi. Kukhu alizungusha tuta dogo la udongo ukingoni mwa sakafu ili maji yasitambae, na kila mvua ikilibomoa alilijenga upya. Moshi hata hivyo ulituingia. Hema likanuka kuni, mafuta ya taa, miguu, samaki. Ile kijani ikawa rangi ya maji ya mtaro.

Hapo ndipo ikafika zamu yetu.

Kina mama wa kanisa letu walikuwa na ibada ya nyumba kwa nyumba. Kila wiki wanakuja kwa mmoja, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Kukhu alikuwa amekwenda kwa wote. Zamu ilipotufikia, mama alimwambia, "Mama, waambie wapite kwanza. Kila mtu anajua tuko kwa tenti."

"Nipitwe na maombi?" Kukhu akasema. "Kwa sababu ya moshi?"

"Hata Yesu alizaliwa zizini, Mama."

"Na Mariamu alifagia kwanza. Hiyo hawakuandika kwa sababu walioandika ni wanaume."

Siku ya wageni, mama akiwa kazini, Kukhu aliamua kwamba hema litafuliwa. Huwezi kufua hema likiwa limesimama. Maji yangeingia kwenye magodoro na yangetiririka kwa majirani. Tena lilitaka maji mengi, na maji yalikuwa chini karibu na reli, kwenye bomba la kuuza. Kwa hivyo vitu vyetu tulivihamishia kwa fundi, chini ya mabati yake, visiibwe: magodoro, sufuria, sanduku la nguo. Tulifungua kamba, tukaondoa mitungi, tukalikunja. Kukhu akasimama akaitazama sakafu ikiwa wazi, na najua aliwaza, kwa sababu alimgeukia fundi.

"Fundi, naenda kwa maji. Uniangalilie hapa."

"Enda tu, Mathe. Mimi niko hapa."

Alikuwa pale. Hakudanganya hata neno moja.

Tulifua. Nilikanyaga hema ndani ya beseni kama mtu anakanyaga udongo, Kukhu akasugua na kipande cha sabuni na brashi ya viatu, maji yakitoka meusi, akiimba wimbo ambao angewaanzishia wageni. Tuliliosha tena na tena mpaka kijani kikarudi. Halafu tukalitandaza kwenye nyasi kando ya reli tukaketi kulilinda, tukila mandazi. Kukhu alinisuka nikiwa katikati ya magoti yake. Huo ndio wakati mzuri wa mwisho ninaoujua wa maisha yetu Kibera, na hasira yangu yote inatoka hapo, kwamba ulikuwa mzuri, na juu huko mtu alikuwa anapiga misumari.

Tulipopanda tulisikia nyundo kabla ya kuona. Nguzo zilikuwa zimesimama kwenye sakafu yetu, zimechimbiwa ndani, simiti nyekundu imepasuliwa pembeni kama mkate. Mabati yalikuwa yamefika kiunoni. Ni fundi. Mke wake alikuwa anampitishia misumari bila kututazama.

"Fundi, unafanya nini?" Kukhu akauliza. Hakupiga kelele. Nadhani bado alifikiri anajengewa.

"Mathe, uliondoka."

"Niliondoka wapi? Nilikuwa nafua!"

"Tenti haikuwa hapa."

"Nilikuachia wewe!"

"Uliniachia nikakaa. Mathe, nina watoto. Ningengoja, angekuja mwingine usiyemjua. Heri mimi."

Heri mimi. Hebu jaribu kulimeza hilo neno uone kama litashuka.

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Alizunguka zile nguzo akizigusa kama anayenunua ng'ombe. Akasema yeye hakuitunga hiyo sheria. "Kitu kikiwa juu, mtu yuko. Kitu kikiwa hakiko, mtu hayuko. Mama, hata wewe uliikalia hii ploti kwa sheria hiyo hiyo."

Kukhu akafungua mkono wake kuonyesha hema, bado lina unyevu begani kwake, safi, linanukia sabuni. "Si hili hapa?"

"Hilo liko kwa bega, Mama."

Na wakati huo huo kina mama wa kanisa wakafika, wamevaa vitambaa vyeupe, vitabu vya nyimbo mkononi. Walisimama wakasikiliza pande zote. Nilingoja wakasirike. Nilikuwa mtoto, nilifikiri watu wazima wengi wakiwa pamoja lazima mmoja atasema ukweli. Kiongozi wao akasema, "Tuombe." Wakaomba amani kati ya majirani. Fundi naye alifumba macho. Alisema Amina, nyundo mkononi. Kisha wakasema hawataki kutusumbua na chai, wakaondoka.

Vitu vyetu fundi alivirudisha vyote. Hata kijiko hakikupotea. Aliyabeba magodoro mwenyewe mpaka kando ya njia, akayafuta vumbi. Mara nyingine nadhani ningeweza kumsamehe kama angeiba japo sufuria.

Jioni hiyo mama alitukuta tumeketi juu ya sanduku. Ndugu yake mmoja alikuwa amepanga chumba Kawangware, tukaenda kubanana naye, na huko ndiko tumekuwa, chumba baada ya chumba, mpaka nikasoma nikamaliza sekondari, nikazaa. Hema Kukhu alilikausha vizuri, akalikunja vizuri, na siku moja nikakuta ameliuza.

Nimerudi kuangalia, sitakudanganya. Hapo pana jengo la ghorofa sasa, vyumba vya kukodisha. Hata fundi hayupo, naye alinunuliwa au alisukumwa, sikuuliza. Sakafu iko chini ya watu ambao hawajui kuna wekundu huko.

Lakini wewe ukifikiri nalilia ploti, hujanielewa. Mji huu ploti zinapotea kila siku. Kilichopotea ni mwanamke aliyekuwa akisikia wageni wanakuja anatafuta ndoo. Huku Kawangware Kukhu hajawahi kukaribisha mtu. Jumapili tunaenda kanisani nusu nusu, kwa sababu lazima mmoja abaki ndani. Hata nilipojifungua, na nyumba yote imefurahi, yeye alikataa kuja hospitalini. Alibaki kwenye kiti chake mkabala na mlango. Majirani wakileta chakula wanagonga, naye anauliza, "Nani?" Wanataja jina. Anauliza tena, "Nani?" Mlango haufunguki mpaka mimi nirudi.

Binti yangu ameanza kumwiga. Juzi jirani aligonga kuomba chumvi, na mtoto wangu, ambaye hajafika hata darasa la kwanza, akakimbia akauegemeza mgongo mlangoni, akauliza kwa sauti ile ile, "Nani?" Kukhu akamtazama akatikisa kichwa, ameridhika. Mimi nilikuwa nimesimama na chumvi mkononi.