Waya Mmoja Uliolegea

Hakuna fundi wa piano aliyeijua kazi yake kama Fundi Waya, wala aliyeiharibu kwa makusudi kama yeye. Piano za watu wengine alizikaza mara moja, zikatulia mwaka mzima. Ya mwalimu wa muziki aliirudia kila mwezi, kwa sababu kila akimaliza aliulegeza kidogo waya wa kitufe kimoja cha katikati, ili aitwe tena.

Mwalimu akipiga simu, "Fundi, kile kitufe kimeanza tena kulia kama mbuzi," yeye hoi kwa furaha. Ananyoa ndevu, anapiga pasi shati, anajimwagia manukato mpaka dada yake anafungua madirisha.

"Kaka, miaka mitatu sasa! Mwambie unampenda, au mpe spana ajikazie mwenyewe."

"Leo namwambia," alijibu Fundi, kama alivyojibu mwezi uliopita.

Ila siku hiyo alidhamiria kweli, maneno aliyakariri njia nzima. Mwalimu akamfungulia mlango, uso umejaa kicheko.

"Fundi wangu, afadhali umekuja! Naolewa Jumamosi, hapahapa sebuleni. Nimemtungia mume wangu wimbo. Safari hii nakuomba, kaza ikazike."

Fundi akabaki na maneno yake, akafungua kifuniko cha piano. Alikaa mbele ya piano, spana mkononi, roho inamuuma. Angeweza kuulegeza ule waya, wimbo ulie kimbuzi mbele ya wageni. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu; msimwone malaika. Mwisho akaukaza, akaukaza kwa mapenzi yote ya miaka mitatu, mpaka kitufe kikatoa sauti safi na chozi likamdondoka. Angalau ndani ya wimbo, kwa sauti hiyo moja, na yeye angekuwamo.

Jumamosi alikaa nyuma kabisa, masikio wima. Ubeti wa kwanza, kitufe hakikuguswa. Wa pili, vidole vikakiruka. Wa tatu, vilevile. Watu wakapiga makofi, Fundi bado anangoja.

Alipokwenda kutoa pongezi alishindwa kujizuia. "Mwalimu, mbona kile kitufe cha katikati hukukigusa?"

Mwalimu akamvuta pembeni, akanong'ona asije akamwaibisha mbele za watu.

"Usijisikie vibaya, Fundi wangu. Wimbo niliutunga bila hicho. Miaka mitatu imetosha, nimeshazoea kuishi bila hicho."