Mjukuu Wangu Nilimtia Kwenye Sinema

Hebu niambie wewe, ushawahi kuchekesha watu mpaka ukampoteza mtu wako mwenyewe? Mimi nimefanya! Kosa ni langu, simsukumii mtu. Shule sikukaa, hii naisema kwa mdomo, mjukuu wangu wa kike ndiye anayeandika.

Mimi ni hawe, bibi wa watu, na hadithi ndiyo raha yangu. Hapa kwetu nje ya Malindi, wakikusanyika wanawake kusuka makuti, naitwa nitie maneno kazi iende. Na yule mjinga wa hadithi, sharti nimpachike jina la mtu aliyekaa hapo hapo. Watu hufa kwa kicheko!

Basi kwa jirani kuna sinema za Wahispania, za kuchekesha, mtu kazitilia Kiswahili juu. Hazikosi mwanamume mmoja wa kujipinda kiuno, vidole juu, akiona panya apiga yowe kama kaona chatu. Wenzake wakimwona, mbio, migongo ukutani, wameshika suruali, kama kwamba atawarukia! Nilicheka mimi! Nikaja nayo nyumbani, mwendo na sauti, yote.

Siku ya kusuka makuti ya nyumba ya mwanangu, uani kumejaa. Nikainuka, kanga kiunoni, nikatembea kama yule mtu wa sinema.

"Na huyu bwana jina lake nani, hawe?"

Nikamwonyesha mjukuu wangu wa kiume, fundi nguo, yuko kibarazani na cherehani yake. "Si huyo hapo!"

Mungu wangu! "Ndiyo maana haoi!" "Shikeni suruali zenu!" Mmoja akapiga lile yowe la panya.

Kijana wa miaka ishirini na miwili, nimemlea tangu mamake afe. Hata gauni nililovaa siku ile kashona yeye! Akaifunika cherehani, akanijia polepole.

"Hawe, hata wewe?"

Na mdomo wangu huu ukamjibu, "Aa, mume wangu, kwani hujui utani?" Mume wangu, ndivyo nimwitavyo tangu mdogo.

Ikawa akipita njiani, vijana wampigia yowe la panya. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Akahamia Mtwapa. Miezi saba sasa, simu yangu hapokei.

Nikarudi kwa jirani, nikaitazama tena ile sinema. Wallahi sikucheka! Yule mtu, mwanzo hadi mwisho, hakupewa hata mama. Hana wa kumwuliza, umekula? Kazi yake kuchekwa tu. Wangu alikuwa na bibi, na bibi ndiye aliyempeleka huko!

Moyoni mwake yukoje, sijui. Sikumwuliza. Na hata angekuwaje, ni wangu, si wa kuchezewa uani.

Nyinyi wenye midomo mitamu kama mimi, jichungeni! Sinema mwaizima mwaenda kula. Yule mliyempachika, usingizi hapati.

Jana dadake, huyu anayeniandikia, kampata kwa simu, akamwambia hawe analia. Naye akasema, "Mwambie nitakuja mwezi ujao. Naahidi. Lakini siku hiyo hadithi natoa mimi, na yeye akae chini, anisikilize mpaka mwisho."