Alama za Kuuliza Kwenye Maji Yetu

Kamati ya maji ya kanisa letu, upande wa Mutomo, hupima visima kila mwezi, nami ndiye katibu wake. Zamani niliandika ripoti kwa mkono. Siku hizi binti yangu ametutengenezea programu: naingiza vipimo, nayo inatoa ripoti ya PDF kwa Kikamba, tunaibandika kwenye mlango wa kanisa. Namshukuru Mungu kwa akili aliyompa.

Baada ya ripoti ya kwanza ya programu hiyo, akina mama waliacha kisima chetu, wakawa wanaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo mrefu juani. Nilikutana na jirani yangu mjane akirudi, jerikeni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Nikamuuliza kwa nini anajitesa.

"Mzee, nyinyi wenyewe mmeuliza mara tatu kama maji ni mazuri," akasema. "Mkishajijibu, mtuambie."

Nikaenda mlangoni kusoma. Nilikuwa nimeandika *kĩw'ũ kĩseo*, maji mazuri. Karatasi ilisema *k?w'? k?seo*. Tena mistari ilikuwa imesogea ndani, kila mmoja ukiupita ulio juu yake, hata kisima chetu kikaonekana kama sehemu ya kile cha chumvi kilichotajwa kwanza.

Binti yangu alikuja Jumamosi, akafungua kompyuta mezani. Zile nafasi tupu mwanzoni mwa mistari, alisema, aliziweka ili programu yake isomeke vizuri anapoiandika, nayo ikazichapa pamoja na maneno. Na fonti aliyochagua haikuwa na herufi zenye kiwimbi juu, basi kila ilipokutana na moja, iliweka alama ya kuuliza.

"Nafasi nimeshaondoa," akasema. "Lakini herufi, baba, si tuandike tu i na u? Kwenye simu kila mtu anaandika hivyo."

"Hawa akina mama walijifunza kusoma kwa Biblia, na Biblia yao ina viwimbi. Wakikosa kuviona watasema bado tunaficha kitu."

"Kwa hivyo Biblia imenishinda."

"Si wewe wa kwanza."

Akacheka, akatafuta fonti nyingine. Ya kwanza ilitoa vijisanduku vitupu. Nikamwongezea chai bila kumhimiza, maana haraka yangu isingemsaidia. Iliyofuata ilitoa kila kiwimbi mahali pake, na mistari yote ikaanzia pembeni, imenyooka.

Jumapili, kabla ya ibada, yule mjane alisimama mbele ya karatasi mpya. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikipita chini ya kila neno.

"Ati sasa mna hakika?" akaniuliza bila kugeuka.

"Tuna hakika, mama."

"Haya. Mungu awabariki, ijapokuwa mgongo wangu bado unauma."

Ibada ilipokwisha, nilimwona akichukua jerikeni yake pale ukutani na kushika njia ya kisimani.