Udongo Niliompelekea Bibi

Juzi mjukuu wangu kanirudia kutoka Kariakoo na kidude chenye ncha ya chuma. Unakichomeka kwenye udongo, mshale unasogea, unajua kama una maji au umekauka. Akakichomeka kwenye kopo langu la mchicha barazani, akaanza kunifundisha. Nilikasirika nikamwambia akitoe. Hakunielewa, na wewe hutanielewa nisipokurudisha Jangwani, miaka ya hamsini, kwenye matuta ya bibi.

Bibi alilima mchicha kule bondeni, akiuza sokoni Kariakoo. Kipimo chake kilikuwa mkono. Alizamisha vidole mpaka kwenye mizizi, akachota udongo, akaufumba, akafumbua. Ukibaki donge, hamwagilii. Ukimomonyoka, ndoo. Kisima kilikuwa cha wote na kiangazi kile maji yalikuwa ya kugombania, kwa hiyo hakutaka tone lipotee. Tuta moja aliliacha lizae mbegu: mchicha wa majani mapana aliokuja nao kutoka kwao Rufiji. Mbegu nyingine hakuwa nayo.

Basi goti likamvimba, akawa hatoki. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nikitoka shule nikachote udongo wa lile tuta, niufunge kwenye jani la mgomba, nimpelekee aupime, kisha nirudi kumwagilia akisema. Hebu fikiria. Kushuka, kupanda, kushuka tena, halafu foleni ya kisimani, unachota kata kwa kata, nusu tope. Wenzangu wanacheza rede uani. Nililichukia lile goti. Nikauchukia na mchicha wenyewe, hata ukiungwa kwa nazi.

Siku moja, karibu na nyumbani, nikautemea mate ule udongo, nikaukanda. Bibi akaufumba, donge likakaa.

"Bado una maji," akasema. "Leo kacheze, mke mwenzangu." Ndivyo alivyozoea kunitania.

Nikacheza. Kesho yake mate tena, na keshokutwa. Siku ya tano nikakuta tuta zima limelala, majani yamekauka kau, mbegu hazijakomaa hata moja.

Nilirudi nikamwambia mchicha umekufa, nikasubiri kipigo. Bibi alikitazama kiganja chake.

"Mkono wangu umezeeka," akasema. "Haujui tena."

Goti lilipona, lakini Jangwani hakurudi. Matuta akampa jirani. Ukimuuliza habari za bustani, anakwambia siku hizi yeye hajui udongo. Aliishi mpaka nikaolewa, nikazaa. Miaka yote hiyo nilishindwa kumwambia maneno mawili tu, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata kosa lenyewe.

Ule mchicha wa majani mapana sijauona tena, sokoni wala kwa mtu. Mjukuu alipoondoka nilikichomeka tena kidude chake, kisha nikachota udongo pembeni yake, nikaufumba. Donge likakaa, na mshale nao ukasema una maji. Mkono wa bibi haukukosea hata siku moja. Ulipima nilichompelekea.