Zunilda na darasa la Jumamosi lililomfundisha kufundisha

Saa moja asubuhi, katika wodi ya watoto mjini Coronel Oviedo, Paraguay, Dk. Zunilda Ayala anamwachia kitanda daktari tarajali Rosalino Benegas na kujisogeza pembeni. Mtoto wa miaka miwili anapumua kwa shida mapajani mwa mama yake.

"Msikilize taratibu, kisha niambie umesikia nini," anasema.

Rosalino anaweka stetoskopu kifuani, halafu mgongoni. Anasita. Anamtupia Zunilda jicho la kuomba msaada. Zunilda hasemi kitu.

"Kuna mluzi, dokta. Ila upande wa kulia tu."

"Hiyo inakuambia nini?"

Kijana anamgeukia mama. "Mama, kabla kikohozi hakijaanza, alikuwa anakula nini?"

"Karanga. Alipaliwa, nikampigapiga mgongoni, ikaisha."

Haikuwa imeisha: karanga ilikuwa imekwama kwenye njia ya hewa ya pafu la kulia. Tangu alazwe jana yake, mtoto huyo alikuwa akitibiwa pumu, na aliyeagiza dawa ni Zunilda mwenyewe. Kabla ya adhuhuri gari la wagonjwa lilikuwa njiani kumpeleka Asunción, mji mkuu, kwenye vifaa vya kuitoa karanga hiyo.

"Miaka miwili iliyopita ningemhubiria Rosalino habari za pumu mpaka achoke," anasema Zunilda, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa kusomea ubingwa wa watoto. "Naye angeondoka na jibu lake moyoni."

Madaktari wa ngazi yake hukabidhiwa wanafunzi tangu mwaka wa kwanza, lakini hakuna aliyewafundisha kufundisha. Yeye alifundisha kama alivyofundishwa: kwa kasi, kwa ukali, bila kumpa mtu nafasi.

"Zamu yangu wanafunzi waliiita Misa," anasema akicheka. "Unasimama, unasikiliza, unaitikia amina."

Aliyembadilisha ni Dk. Eusebia Cabañas, daktari wa watoto anayekaribia kustaafu, ambaye Jumamosi mchana huwakusanya madaktari wanaosomea ubingwa. Mmoja anamfundisha mwanafunzi, wenzake wanatazama, kisha wanamwambia walichokiona.

Siku ya kwanza Zunilda alieleza homa ya uti wa mgongo kwa ufasaha, akangoja sifa.

"Umesema vizuri, mwanangu," Eusebia alimwambia. "Ila mwanafunzi wako hajafungua mdomo. Utajuaje kama ameelewa?"

Zunilda alitoka nje akalia. Eusebia alimfuata na kikombe cha tereré, chai ya baridi ya majani ya kwao, akaketi naye kivulini.

"Alisema hata yeye aliwahi kuwa hivyo, na hakuna aliyemwambia," anakumbuka. "Akasema, 'Uliza, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.' Yule mama sina cha kumlipa."

Jioni simu ilipigwa kutoka Asunción. Karanga ilikuwa imetoka, na mtoto alikuwa akipumua vizuri. Zunilda alisikia maneno mawili ya kwanza, akampa Rosalino simu amalizie kusikiliza.

"Sikujua kama nitalia," anasema Rosalino. "Dokta alijifanya anakagua dripu ili asinitazame."

Mwakani Zunilda anahitimu. Kliniki moja ya binafsi mjini Asunción inamtaka, lakini ameomba apangiwe Caazapá, kwao, aanzishe huko darasa kama la Eusebia.

"Kule tarajali anaachwa wodini na woga wake," anasema. "Nataka awe na mtu wa kumwambia, 'Hapa sijaelewa,' na asichekwe."