Majina kwa Redio, Siku Jua Lilipochafuka

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote za Lodwar ni ya Ata, bibi yangu, akisafisha koo mbele ya maikrofoni. Alisafisha kama mtu anayefukuza punda, mshale wa redio ukaruka mpaka mwisho.

"Hiyo Kakuma wameisikia hata bila redio," alisema mzee wa redio, mwendeshaji wake.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya Kakuma ikiwa bado changa. Mimi nilikuwa nafagia ofisi moja Lodwar yenye redio ya kuulizia malori. Dada yangu, aliyeolewa Kakuma, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na sasa siku ya pili mtoto anakataa titi. Kwetu mtoto huwekwa titini huku akiitiwa majina ya waliotangulia. Likitajwa moja akaanza kunyonya, ndilo lake. Upande wa baba walikuwa wamemaliza majina yao yote. Yalibaki yetu, na mwenye kuyajua ni Ata, ambaye mguu ulikuwa umevimba, lori hawezi kupanda. Nililia mbele ya mzee wa redio mpaka akakubali. Asubuhi ile dada alikuwa amekaa na mtoto kwenye redio ya Kakuma.

Ila redio ilikuwa inachemka tu.

"Hii kitu inakaanga nini?" Ata aliuliza.

"Jua limechafuka, Mama," mzee wa redio alimjibu. "Limetema vipande vidogo sana vyenye umeme. Dunia ni sumaku, imevinasa. Sasa vinaizunguka huko juu, usawa wa ikweta, juu ya vichwa vyetu hapa. Vyenye chaji chanya vinakwenda magharibi, vyenye chaji hasi mashariki, vyote pamoja vinafanya mkondo mmoja wa umeme, kama pete. Hata dira inayumba kidogo. Na tufani hiyohiyo ya jua imevuruga tabaka la hewa ambalo sauti yetu inaligonga ndipo ishuke Kakuma."

Ata alifikiri. "Mbuzi zingine zikikimbia magharibi na zingine mashariki, hiyo si pete. Hiyo ni uvamizi."

Akaanza kuita. Kitufe cha kusemea, kinachobonyezwa muda wote mtu anaposema, alikataa kukigusa, nikakibonyeza mimi. Aliita mama yake, bibi yake, shangazi aliyeng'atwa na ngamia. Mimi macho yalikwenda dirishani. Pete kubwa hivyo, ya umeme, juu ya Lodwar, na mimi sijawahi hata kuvuka Kitale! Nilikuwa bado naitafuta angani Ata alipofika kwa mama wa shangazi.

"Binti! Kidole!" mzee wa redio aliniita.

Kidole kilikuwa kimelegea, sijui tangu lini. Papo hapo dada akapasua kelele: "Ameshika! Ata, amenyonya! Ova!" Ova ndiyo ilikuwa kusema zamu yako.

Ata alipiga makofi. Kisha dada tena: "Ameacha! Rudia jina hilohilo! Ova!"

"Lipi?" Ata alinigeukia. "Nilikuwa kwa nani?"

Nikasema ukweli, kwamba pengine hakuna jina lililotoka.

"Sasa mtoto amesikia nini?"

"Ukiachia kitufe," mzee wa redio alijibu polepole, "wao wanasikia tufani tupu."

"Mjukuu wangu hawezi kukubali tufani. Rudia!"

Tulirudia yote, kidole changu kikiuma kwa kubonyeza. Kutoka Kakuma ilikuja sauti ya mtoto akilia, halafu ikafifia. Mzee wa redio alisema labda waya wa antena ukivutwa juu kidogo kutakuwa na nafuu. Akatoka. Ata akamfuata akichechemea, maana hakumwamini na waya, na punde nikamsikia nje anauitia ule waya majina moja kwa moja, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Ata?" Dada alirudi, mbali kabisa, analia yeye na mtoto. "Amechoka. Mimi pia nimechoka. Ova."

Nikabonyeza. "Mweke titini. Usiseme kitu, msikilize redio tu. Ova."

Nikaachia kitufe, nikaikalia mikono yangu yote miwili.